Vyombo na Barabara: Bendi Huru za Dansi Kati ya Tanga na Nairobi

Waandishi wa historia ya kuenea kwa Kiswahili wamekwisha kuitaja misafara ya biashara, misheni, shule, jeshi, redio na vyama vya siasa. Ni nadra kuitaja bendi ya dansi. Hata inapotajwa, huhesabiwa kuwa ni burudani iliyoifuata lugha mahali ilikokwisha kufika, wala si kundi la wafanyakazi walioibeba lugha hiyo pamoja na magitaa yao kutoka mji hadi mji. Makala haya yanaiangalia bendi hiyo ikiwa safarini. Yanahusu hasa bendi huru, yaani ile isiyokuwa mali ya shirika la umma wala ya chama, katika njia zilizotoka Morogoro na Tanga kuelekea Mombasa na Nairobi, tangu miaka ya 1960 hadi mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Inadaiwa hapa kwamba uhuru wa bendi hizo ulikuwa mwembamba kuliko jina lake, na kwamba wembamba huo ndio uliowalazimisha wanamuziki kukitafuta Kiswahili ambacho ukumbi wowote ungeweza kukisikia.

Neno "huru" lenyewe lahitaji kupimwa. Vikundi vya kwanza vya dansi nchini Tanganyika vilikuwa vyama vya watu wa mjini, vilivyofanana kwa utaratibu na vyama vya ngoma vilivyovitangulia: vilikuwa na viongozi, wanachama, sare, na watani wao wa kushindana nao. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, huko huko Morogoro, mwaka 1948. Chama kilinunua vyombo kwa michango, na vyombo vikawa mali ya chama. Mpiga gitaa aliyegombana na wenziwe aliondoka mikono mitupu.

Mwaka 1964 mambo yalianza kugeuka. Chama cha wafanyakazi cha NUTA kiliunda bendi yake, na wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Polisi, Jeshi, Magereza, umoja wa vijana wa TANU na viwanda vya umma vikafuata, kila kimoja na bendi yake. Mfumo huu umesifiwa sana, na si bila sababu. Ulimpa mwanamuziki heshima ya kazi, ukamtoa katika kundi la wale walioitwa wahuni, na vyombo vilipoharibika palikuwa na ofisi ya kupelekewa barua. Lakini mwajiriwa hupangiwa. Bendi ya shirika ilikwenda ilikotumwa, ikaimba sikukuu za taifa, na nyimbo zake zikarekodiwa na redio ya serikali mjini Dar es Salaam bila kuwa santuri za kuuzwa dukani.

Aliyetaka santuri ilimbidi asafiri. Kiwanda cha kuchapa santuri kilikuwa Nairobi. Tanzania haikuwa nacho. Tangu zama za Salum Abdallah, aliyetoa nyimbo zake kwa nembo ya Mzuri ya Assanand & Sons wa Mombasa, njia ya kuelekea santuri ilipita kaskazini. Kwa hiyo, kwa bendi huru, safari ya Kenya haikuwa anasa. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe: ukumbi ulilipa nauli na chakula, nayo santuri ililipa jina. Jina hilo ndilo lililojaza ukumbi wa safari iliyofuata.

Yafaa kuieleza safari hiyo kwa kinaganaga, kwa kuwa ndani yake mna mengi yanayoelezea lugha ya nyimbo. Bendi ya watu wanane au kumi ilisafiri na vyombo vyake juu ya basi la abiria, au ndani ya gari la kukodi ambalo mara nyingi lilikuwa kuukuu. Spika na vikuza sauti vilikuwa vizito, na vumbi ni adui yavyo. Nyuzi za gitaa zilikuwa haba hata zikafungwa upya zilipokatika. Bendi ikifika mjini mchana, gari lenye kipaza sauti lilizungushwa sokoni na kwenye kituo cha mabasi kutangaza dansi ya usiku huo. Jioni vyombo vilijaribiwa, na mara kwa mara iligunduliwa kwamba umeme wa ukumbi haukuvitosha. Muziki ulianza saa tatu usiku na kuendelea hadi majogoo. Asubuhi, watu walipokuwa wakienda kazini, wanamuziki walikuwa wakipakia.

Mapato yaligawanywa kwa kanuni rahisi iliyoenea Kenya na Tanzania: mwenye baa alichukua fedha za vinywaji, bendi ikachukua kiingilio cha mlangoni. Kwa mtazamo wa kwanza kanuni hii yaonekana ya haki. Kwa kweli iliihamishia bendi hatari yote. Mvua ikinyesha, watu wachache waliokwisha kuingia wataendelea kunywa, na mwenye baa hatakosa chake. Bendi ndiyo itakayokosa. Tena, aghalabu vyombo vilikuwa vya mwenye baa huyo huyo, au vya tajiri mwingine aliyevikodisha, na kodi yake ilikatwa kabla ya kugawana. Ndipo msamiati wa wanamuziki wenyewe unapotoa ushahidi. Wao hawakusema "ala". Walisema "vyombo", neno ambalo pwani humaanisha pia jahazi na mashua. Mwenye vyombo alikuwa ndiye nahodha hata kama hakujua kupiga noti moja. Bendi nyingi zilizojiita huru zilikuwa zimebadilisha bwana tu, kutoka shirika hadi tajiri, na tajiri hakuwa na pensheni.

Wapo waliojaribu kuukwepa mtego huo. Orchestra Maquis, iliyotoka Katanga na kuhamia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilijifanya kampuni ambayo wanamuziki wenyewe walikuwa wenye hisa. Huo ulikuwa mfano wa pekee, na yumkini ndio uliokaribia zaidi maana kamili ya neno uhuru. Wengine waliutegemea mkono wa mpenzi wa bendi, yaani ile desturi ya kutunza, ambapo mchezaji huacha kucheza, akapanda jukwaani na kumpachika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Katika miji ya ugenini tuzo hizo ziliweza kuwa ndizo nauli ya kesho. Mwimbaji aliyezitaka alipaswa kuyajua majina ya watu wa mji huo na kuyatia katika wimbo papo hapo. Hapa ndipo ulipozaliwa mtindo wa kutaja majina ya watu na mahali, mtindo ambao wahakiki wengine wameuona kuwa ni kijazio cha mwimbaji aliyeishiwa na maneno. Aliyeishiwa ni mfuko, wala si maneno.

Katika bendi zote zilizoishika njia ya kaskazini, hapana inayofundisha zaidi ya ile ya ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga. Walianza kujulikana Tanga, katika Jamhuri Jazz, katikati ya miaka ya 1960. Tanga ilikuwa mji wa mkonge na bandari, uliojaa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi mashambani, na Jamhuri Jazz yenyewe kabla ya hapo iliitwa Young Nyamwezi. Ndiyo kusema kwamba hata kabla ya kusafiri wanamuziki wa Tanga walikuwa wamekwisha kuimba mbele ya wasafiri. Kiswahili chao hakikuweza kuwa Kimtang'ata kitupu, kwa kuwa Mnyamwezi, Mmakonde na Msambaa walikuwa wamelipa kiingilio kile kile.

Mwaka 1970 ndugu hao waliiacha Tanga wakaenda Arusha na kuunda Arusha Jazz. Arusha haikuwachukua muda. Mwaka 1971 walivuka mpaka na kuingia Kenya, na huko wakalichukua jina la Simba Wanyika. Uhamaji huu wa hatua kwa hatua, kutoka mji hadi mji bila kuwa na hakika ya pa kuishia, ni wa kawaida katika historia ya bendi huru. Orchestra Super Mazembe ilipita Zambia kabla ya kufika Nairobi mwaka 1974. Samba Mapangala na wenziwe walipitia Uganda. Baba Gaston alikaa kwanza Dar es Salaam. Kila kituo kiliacha alama, na alama ya kwanza kuonekana ilikuwa katika jina.

Jina la Simba Wanyika linastahili kuangaliwa na mwanaisimu. Kwa asili ni kirai cha kawaida, "simba wa nyika", chenye kiunganishi "wa" kinachoafikiana na "simba". Katika maandishi ya matangazo na ya santuri, "wa" iliunganishwa na "nyika", na umbo lililotokea likasikika kama nomino ya watu katika wingi: Wanyika. Mwaka 1978, baadhi ya wanamuziki walipojitenga, akiwemo mpiga gitaa Omar Shabani na mpiga besi Tom Malanga, na kuungana na waimbaji John Ngereza na Issa Juma, walijiita Les Wanyika. Hapo kirai kilichokuwa milki ya simba kimekuwa jina kamili la wingi, nalo likavikwa kitangulizi cha wingi cha Kifaransa, lugha ambayo wahusika hawakuwa na haja nayo isipokuwa kwamba bendi za Zaire ndizo zilizotawala soko. Baadaye Issa Juma aliunda Super Wanyika. Neno moja limepita katika sarufi tatu ndani ya miaka michache. Inafaa kukumbusha pia kwamba "Wanyika" lilikuwa jina la dharau ambalo watu wa mwambao waliwaita Wamijikenda, wenyewe wakalikataa. Katika kumbi za Nairobi dharau hiyo haikusikika tena. Neno lilikuwa limekwenda mbali mno na pwani.

Kuhusu lugha ya nyimbo zenyewe, mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni kwamba bendi hizi ziliuacha utaratibu wa mizani na vina ambao taarabu iliushika. Sentensi ya wimbo wa dansi ilipimwa kwa gitaa la solo. Ilikuwa fupi, ikarudiwa, kisha gitaa likaijibu. Mshairi wa Mombasa angeweza kuiona sentensi hiyo kuwa ni maskini, na wapo waliosema hivyo. Lakini sentensi fupi, yenye kitenzi kinachosikika waziwazi na isiyo na msamiati wa kale, ndiyo iliyoweza kupokelewa Kisumu, Nakuru na Kampala usiku mmoja bila mkalimani. Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa na muziki mwingi wa Kikuyu, Kijaluo na Kikamba, na kila mmoja ulikuwa na wanunuzi wake. Bendi ya Kiswahili haikuwa na kabila la kuinunua. Ilitegemea kueleweka na wote.

La pili ni masimulizi. Mada zilikuwa zile zile, yaani mapenzi, fedha, kazi na wivu, lakini aghalabu zilitungwa kwa umbo la malalamiko au la barua: mtu fulani, aliyetajwa kwa jina, anaulizwa kwa nini amefanya hivi. Msikilizaji anakaribishwa kuamua. Umbo hilo lilimfaa mtu aliye mbali na kwao, na wengi katika ukumbi walikuwa hivyo. Waimbaji nao walikuwa hivyo. Nguvu ya "Sina Makosa" ya Les Wanyika, wimbo uliovuma mara baada ya bendi hiyo kuundwa, yatokana na umbo hilo la kujitetea. Hata asiyejua kisa kilichoko nyuma yake huhisi kwamba amesimama barazani na shauri linasikilizwa mbele yake.

Kwa wanamuziki wa kutoka Katanga somo lilikuwa gumu zaidi kuliko lilivyodhaniwa. Wao walikuja na Kiswahili chao, chenye "ba-" mahali pa "wa-" na upatanisho mwepesi wa ngeli, pamoja na Kilingala ambacho kilikuwa ndicho lugha ya heshima ya dansi. Dar es Salaam na Nairobi walikuta wasikilizaji walioupenda mdundo wao huku wakiwacheka maneno. Wengine waliendelea na Kilingala, na hawakukosa wapenzi, maana wapo wachezaji wanaopendelea maneno wasiyoyaelewa. Lakini kadiri miaka ilivyopita Kiswahili kiliongezeka katika santuri zao, na Kiswahili hicho kikazidi kukaribia kile cha Tanga. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyeingia Dar es Salaam mwaka 1978, alifika mahali pa kuwa msemaji wa maskini wa jiji hilo kwa Kiswahili ambacho hakuzaliwa nacho. Hapana shule iliyomfundisha. Alifundishwa na ukumbi.

Santuri nazo ziliiweka lugha hiyo katika umbo lake. Wimbo uliochezwa robo saa ukumbini uligawanywa katika pande mbili za sahani ndogo: upande wa kwanza maneno, upande wa pili chemko, yaani sehemu ya kasi ambayo magitaa hutawala. Mtunzi aliyejua hivyo aliyamaliza mashtaka yake mapema. Msikilizaji wa redio, ambaye mara nyingi alipigiwa upande mmoja tu, aliyapata maneno yote.

Kisha njia ikakatwa. Mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Wanahistoria wa uchumi wameandika juu ya ndege, reli na bandari. Kwa bendi huru, hasara ilikuwa ya namna nyingine. Zilizokuwa Tanzania zilitengwa na kiwanda cha santuri, na kwa kuwa fedha za kigeni zilikuwa adimu, hata nyuzi za gitaa na ngozi za ngoma zikawa shida. Haishangazi kwamba miaka hiyo ndiyo ya ustawi wa bendi za mashirika: Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi la Dar es Salaam, ilipata vyombo ambavyo mtu binafsi asingeweza kuvipata. Zilizokuwa Kenya zilitengwa na nyumbani. Wanyika walikuwa sasa Watanzania wanaoishi kwa vibali vya kazi, wakiimba Kiswahili cha kwao mbele ya watu waliowahesabu kuwa ni wanamuziki wa Kenya. Mkaguzi wa uhamiaji hakuwahesabu hivyo. Bendi kadhaa za Wazaire zilidhoofika au kusambaratika katika miaka ya 1980 kwa sababu hiyo ya vibali.

Redio ilivuka mpaka pasipo kibali. Mtu wa Tanga aliweza kuwasikia vijana wake kutoka Nairobi, na mtu wa Mombasa akaisikia NUTA, ambayo sasa iliitwa JUWATA, kutoka Dar es Salaam. Yawezekana kwamba kwa miaka sita hiyo, magari yalipokuwa yakirudishwa Namanga na Horohoro, Kiswahili cha dansi ndicho kiungo cha kila siku kilichobakia kati ya nchi hizi mbili kwa watu wasiosoma magazeti.

Wapo waliovuka kwa gharama kubwa. Mbaraka Mwinshehe, mzaliwa wa mwaka 1944, alikuwa ameifikisha Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Huko ilikwenda ikiwa mjumbe wa taifa, kwa nauli ya taifa. Mwaka 1973 aliiacha, akaunda bendi yake mwenyewe, Super Volcano, na tangu hapo nauli ikawa juu yake. Umaarufu wake ulizidi, hasa Kenya, ambako santuri zake zilitolewa na ambako "Shida" uliuzwa kuliko wimbo wake wowote wa awali. Mwezi wa Januari 1979, mpaka ukiwa bado umefungwa, alifariki katika ajali ya gari huko Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 34. Miaka kumi na mitatu kabla yake, Novemba 1965, Salum Abdallah naye alikufa kwa ajali ya gari, Morogoro. Cuban Marimba ilipata kiongozi mwingine, Juma Kilaza, ikaendelea. Ilikuwa bado na umbo la chama. Super Volcano haikupata umbo hilo. Ilikuwa ni mtu mmoja na vyombo vyake, na mtu alipoondoka haikudumu.

Mgawanyiko wa mwaka 1978 katika Simba Wanyika umeelezwa mara nyingi kuwa ni ugomvi wa nafsi. Ugomvi ulikuwapo, lakini bendi isiyo na mshahara, inayogawana mlango wa usiku mmoja, haina njia nyingine ya kumpandisha mtu cheo ila kujitenga. Les Wanyika walifanya mazoezi kwa miezi wakiwa na nyimbo chache mno, kisha wakapata ukumbi wa kudumu wa Garden Square, Nairobi. Wale wa Simba hawakufa kwa pigo hilo. Waliajiri wengine wakaendelea. Kwa hiyo katika jiji moja palikuwa na bendi mbili, kisha tatu na nne, zenye jina moja na lahaja moja, zote za wageni, zikigombea Jumamosi ile ile ya mwisho wa mwezi.

Mpaka ulipofunguliwa, ndugu wa Kinyonga hawakurudi kuishi Tanga. Safari zao zilizofuata zilielekea kwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walifika Uholanzi, na huko ndiko walikorekodi "Pepea", wakati santuri za Nairobi zikiwa zimekwisha kuuawa na kanda za wizi. George alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995, na bendi ikaishia hapo.